Mbuzi Afyeke Nje, Asilale Ndani

Ndugu msomaji, mvua za vuli zikikolea hapa kwetu Karagwe na Kyerwa, majani huota upesi kuliko mkono wa mwenye jembe. Mama akiugua malaria wiki mbili tu, siku anayopata nafuu na kutoka nje anakuta kishona nguo kimemfika magotini, njia ya chooni imeziba, na nyuma ya nyumba hakuna anayejua nini kimelala ndani ya nyasi. Hapo swali la zamani linarudi: nani atafyeka?

Mwenye nguvu hushika panga. Mwenye fedha huita kibarua. Siku hizi wengi hununua dawa ya kuua magugu, wakabeba bomba mgongoni na kupuliza. Na wapo wanaofanya kama walivyofanya wazee wetu: humfunga mbuzi kamba, wakamwacha ale.

Maoni yangu ni haya. Mbuzi ni mfyekaji mzuri, tena ni rafiki mzuri wa watoto na wazee. Lakini katika nyumba zetu nyingi mbuzi huyu hana kazi maalumu wala mahali pake. Mchana anazurura hadi kwenye kibanja cha jirani, usiku analala chumba kimoja na watoto. Tukimpa kazi yake na mahali pake, atatupunguzia sumu, nyoka na gharama. Tukimchanganya na kitanda, atatuletea magonjwa ambayo tutayatafutia dawa miezi na miezi bila kujua yametoka wapi.

KAZI ANAYOIWEZA NA ASIYOIWEZA

Mbuzi si ng'ombe mdogo. Ng'ombe na kondoo hupenda nyasi za chini. Mbuzi hupenda vichaka, machipukizi na magugu yenye majani mapana, na husimama kwa miguu ya nyuma ili kufikia tawi la juu. Kwa hiyo anafaa sana kwenye kingo za njia, mitaro, nyuma ya nyumba, uzio uliozidi kimo na kiwanja kilichoachwa.

Asije mtu akadhani hii ni kazi ya watu wasio na mashine. Mwaka 2009 kampuni ya Google huko California, Marekani, ilikodi mbuzi wapatao 200 wale majani katika eneo la ofisi zake badala ya kutumia mashine. Mwaka 2013 uwanja wa ndege wa O'Hare mjini Chicago ulileta mbuzi na kondoo kula vichaka kwenye miinuko ambako mashine hupita kwa shida. Ikiwa wenye mashine za kila aina wamemrudia mbuzi, sisi tulio naye nyumbani tusimdharau.

Lakini tuseme ukweli wote. Kwanza, mbuzi hawezi lumbugu. Atakula majani ya juu, lakini mizizi inayotambaa chini ya udongo itachipua tena. Lumbugu inataka jembe na mkono wa kuokota mizizi yote.

Pili, mbuzi hafai kuachiwa ndani ya kibanja. Atakula machipukizi ya migomba na kubandua magome ya miti michanga. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2006 mkoa wetu wa Kagera una ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Ugonjwa huo huenezwa na panga lisilosafishwa na wadudu wanaotembelea maua ya mgomba, na mnyama anayetafuna mgomba mgonjwa kisha akatafuna mzima anaweza kuueneza pia. Magugu ya ndani ya kibanja yang'olewe kwa mkono, yakatwe, apelekewe bandani. Asiende yeye.

Tatu, si kila jani ni chakula. Lantana, kile kichaka chenye maua madogo ya rangi mbalimbali na harufu kali, kina sumu inayoharibu ini la mnyama. Mbuzi aliyeshiba hukiacha. Mbuzi mwenye njaa aliyefungwa kamba karibu yake hukila. Majani mabichi ya mihogo nayo yana sumu yanapoliwa kwa wingi. Kabla ya kufunga kamba, tazama kwanza mbuzi atafikia nini.

Nne, nyasi fupi hazifukuzi malaria peke yake. Uwanja uliofyekwa huwanyima nyoka na panya maficho, na mbu wakubwa hukosa mahali pa kupumzika mchana. Lakini mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Mbuzi hawezi kuchukua nafasi ya chandarua wala ya kufukia madimbwi.

SUMU ILIYO NDANI YA CHUPA YA SODA

Sisemi kwamba kila anayetumia dawa ya magugu ni mkosaji. Mwenye shamba kubwa ana hesabu zake. Nasema tu kwamba kwa uwanja wa nyumba, njia ya chooni na mahali watoto wanapocheza, dawa hiyo ni hatari isiyo ya lazima.

Angalia inavyotumika kwetu. Baba anapuliza akiwa na shati la mikono mifupi, miguu mitupu, upepo ukimrudishia usoni. Dawa iliyobaki inatiwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa chini ya kitanda. Chombo kilichokwisha kinasuuzwa na kuchotewa maji. Kila hatua hapo ni mlango wa hospitali.

Iko dawa moja ya magugu iitwayo parakwati. Funda moja la dawa hiyo ambayo haijachanganywa na maji linaweza kumwua mtu mzima, na hakuna dawa ya kuipinga mwilini. Mtoto anayeikuta kwenye chupa ya soda hawezi kujua. Nyingine ni glifoseti, inayotumika sana duniani. Mwaka 2015 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Mamlaka nyingine za dawa, kama ile ya Marekani, hazikukubaliana nayo. Wakati wakubwa wanabishana, mwenye busara hapulizi mlangoni pake kitu ambacho mbuzi angekimaliza kwa siku tatu.

Na ukipuliza, usifunge mbuzi hapo mpaka siku zilizoandikwa kwenye chombo ziishe. Usimlishe mnyama sumu halafu ukanywa maziwa yake.

BIBI, WAJUKUU NA MBUZI MMOJA

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilituachia nyumba nyingi za bibi na wajukuu. Hadi leo ziko nyumba za namna hiyo katika kila kigango, ama kwa sababu ya vifo, ama kwa sababu vijana wameenda mijini kutafuta maisha.

Nyumba kama hiyo haiwezi ng'ombe. Ng'ombe anataka majani mengi, maji mengi na mikono yenye nguvu. Lakini mbuzi anashikwa na mtoto wa miaka kumi. Anabeba mimba miezi mitano tu. Samadi yake inarudisha nguvu kwenye kibanja, kama wazee wetu walivyojua siku zote kwamba mgomba usio na mnyama nyuma yake hudhoofika. Na uwanja unabaki safi bila bibi kuinama na panga.

Tena kuna jambo ambalo watu wa afya hatulitaji mara nyingi. Mbuzi ni mwenzi. Mzee anayeishi peke yake ana sababu ya kuamka asubuhi, kutoka nje, kutembea na kusema na kiumbe kinachomjibu. Mtoto aliyefiwa anampa kitoto cha mbuzi jina, anakibeba, anakilisha kwa mkono. Tusimcheke. Anajifunza kutunza uhai. Mimi sikubaliani na wale wanaofika kijijini na kusema mbuzi ni uchafu, waondoeni. Swali si kama mbuzi awepo. Swali ni alale wapi na ashikwe namna gani.

KWA NINI ASILALE NDANI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mbuzi mwenye afya kwa macho anaweza kubeba magonjwa ambayo hayamsumbui sana yeye, lakini yanatusumbua sisi.

1. Brusela, au ugonjwa wa kutupa mimba. Mbuzi jike hutoa mimba kabla ya wakati. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kwa mikono mitupu kondo la nyuma, damu na kitoto kilichokufa. Mgonjwa hupata homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu. Wengi hutibiwa malaria mara tatu, kisha homa ya matumbo mara mbili, fedha zinakwisha. Tiba yake ni dawa zaidi ya moja kwa muda wa wiki sita hivi. Kwa hiyo ukienda Nyakahanga, Isingiro au zahanati iliyo karibu na homa isiyoisha, mwambie mganga: "Nyumbani nafuga mbuzi." Maneno hayo matatu yanaweza kukuokolea miezi.

2. Homa ya Q. Nayo hutoka hasa wakati mbuzi anapozaa, na vijidudu vyake hukaa kwenye vumbi vikavutwa kwa pumzi. Ni hatari kwa mama mjamzito. Mama mwenye mimba asisaidie mbuzi kuzaa, wala mbuzi asizalie chumbani.

3. Funza. Mdudu huyu alivuka bahari kutoka Amerika, akaingia Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika Afrika Mashariki. Hukaa kwenye vumbi la sakafu ya udongo. Huko Uganda kwa jirani zetu imeonekana kwamba nguruwe, mbwa na mbuzi nao huwa na funza miguuni. Unaweza kumtoa mtoto funza jioni, na usiku mbuzi akaangusha mayai ya wengine sakafuni. Utatibu mpaka uchoke. Na pini ya kutolea funza isipite mguu kwa mguu, kwani hupitisha pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

4. Pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe kinyesi, majivu wala udongo. Nyumba yenye mbuzi ndani ni nyumba yenye hatari hiyo kila siku.

5. Ngozi na kifua. Mapunye na vidonda vya midomoni mwa mbuzi huambukiza mikono ya watoto. Harufu kali ya mkojo wa mbuzi katika chumba kisicho na dirisha huumiza macho na kifua cha mtoto mchanga.

6. Kimeta. Mbuzi akifa ghafla, akatoka damu nyeusi isiyoganda puani au kwa nyuma, msimchune, msimpasue, msimle. Mwiteni bwana mifugo. Mzoga huchomwa au huzikwa chini sana, futi sita. Najua inauma kufukia nyama wakati watoto hawajaonja nyama tangu sikukuu. Lakini kimeta huua. Vilevile kumbukeni homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2006 na 2007: zaidi ya watu 100 walifariki katika nchi yetu, na wengi wa wagonjwa walikuwa wameshika au kuchinja wanyama wagonjwa.

TUSEME UKWELI JUU YA WEZI

Sasa mama mmoja atauliza: "Nikimlaza nje, kesho nitamkuta?" Swali hilo ni la haki. Mbuzi analala ndani kwa sababu ya wezi, na anayehubiri "toeni mbuzi ndani" bila kutaja wezi hajasaidia mtu. Kwa bibi yule niliyemtaja, mbuzi huyo ndiye sare ya shule na nauli ya hospitali.

Kwa hiyo tusidai mambo ya kitabuni. Tupande ngazi hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza, kama huwezi zaidi: kata chumba kimoja kwa ukuta wa udongo unaofika juu, kiwe na mlango wake wa nje na tundu la hewa. Usiwepo mlango wa kuingia kwa watu. Mbuzi yuko chini ya paa lako, lakini hawavuti watoto pumzi yake wala hawakanyagi kinyesi chake.

Hatua ya pili: jenga banda linaloegemea ukuta wa chumba unacholala wewe mzazi. Mbuzi akishtuka, utasikia. Mfunge kengele shingoni, weka kufuli, na mbwa alale mlangoni hapo.

Hatua ya tatu: banda la kuinuliwa, sakafu yake iwe futi mbili au tatu kutoka chini. Sakafu iwe ya fito zilizoachana kwa upana wa kidole, kinyesi kipite na kwato zisinase. Fito zinapatikana kwetu, na samadi utaikuta chini imejikusanya yenyewe.

Na juu ya hatua zote, jumuiya zetu ndogo ndogo zina kazi hapa. Nyumba kumi zinazojuana zinaweza kupanga zamu, na kukubaliana kwamba mbuzi anayeonekana njiani usiku ataulizwa ni wa nani. Kumjengea bibi banda ni kazi ya Jumamosi moja kwa vijana sita.

KANUNI ZA KAMBA

Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Basi kamba tuijue.

Mfunge baada ya umande kukauka, kwa sababu minyoo midogo hupanda kwenye majani mabichi yenye umande. Mhamishe kila siku, na asirudi mahali pale mpaka wiki kadhaa zipite. Asile mpaka kwenye udongo. Minyoo mingi iko chini. Awe na kivuli na maji. Pasiwe na mti au kisiki ambapo kamba itajizungusha ikamnyonga. Usimwache peke yake siku nzima, maana mbuzi ni mnyama wa kundi, na mbwa wakorofi hawachagui. Mpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa bwana mifugo.

Kisha nyumbani: maziwa yachemke mpaka yatokote ndipo yanywewe, na mtoto wa chini ya miezi sita asipewe ya mbuzi wala ya ng'ombe, bali ziwa la mama tu. Mtoto akimaliza kucheza na mbuzi, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Asimbusu mdomoni. Mbuzi akizaa, shika uchafu wake kwa mfuko wa nailoni, uufukie mbali na mbwa. Na siku ya kuchinja, ini au mapafu yenye malengelenge ya maji asitupiwe mbwa, kwa maana hapo ndipo minyoo hatari humrudia mtu.

NENO KWA WAZAZI

Namalizia na jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya tiba. Mtoto uliyemwachia mbuzi ampende na kumpa jina, siku mbuzi huyo anapouzwa mnadani, mwambie mapema. Usimwuze mtoto akiwa shule, akarudi na kukuta kamba tupu. Mwambie: "Tumemtunza vizuri, sasa yeye atatutunza; huyu ndiye daftari zako na bima yako ya matibabu." Atalia, na ni haki yake kulia. Lakini atajua kwamba nyumbani kwao hawadanganyani, na mbuzi atakayefuata atamtunza vilevile.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi zunguka nyumba yako mara moja. Tazama majani yalipofika, tazama chupa iliyo chini ya kitanda, na tazama mahali mbuzi alipolala usiku wa jana. Ukiona kinyesi chake karibu na mkeka wa mtoto, usingoje semina. Anza na ule ukuta wa udongo wiki hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tunaomba ukuta mmoja tu, kati ya kitanda na mbuzi.